Vifaranga Walionona Kabla ya Barafu

Vuoksajohka, 28 Juni 1981

Kwako Mama Mkubwa, somo yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua ya Bergen haijakuotesha kuvu. Sisi hatujambo. Goti la Mama limevimba tena lakini hataki kusikia neno daktari. Kondoo watano wamezaa mapacha mwaka huu. Nyasi zimechelewa.

Shule nimemaliza. Alama zangu ni nzuri isipokuwa za kuongea mbele ya darasa, na hizo unaweza kuzikisia. Mama alisema kama siongei na watu basi niende kwa samaki, na ndiko nilikokwenda. Nimepata kazi katika kituo cha kukuzia vifaranga wa salmoni, pale chini ya maporomoko.

Labda habari hazijakufikia huko. Mwaka juzi salmoni walikuwa wachache mno, hata watu wote wenye haki ya kuvua walikubaliana kutoa nyavu majini. Samaki wakubwa waliobaki, kila nyumba iliwapeleka kituoni wakiwa hai, ili wakamuliwe mayai. Sisi tulipeleka watatu. Mama aliwabeba kwenye beseni huku akilia kana kwamba anapeleka watoto jeshini. Vifaranga wao ndio hawa ninaowalisha: elfu kumi na mbili, katika matangi mawili marefu. Wakati wa masika yajayo, barafu ikishayeyuka, watafunguliwa waende baharini, na wakirudi wakubwa baada ya miaka michache, mto utakuwa na samaki. Wasipokwenda, hatuna wengine wa kukamua. Hapa hakuna anayezungumza jambo jingine.

Mkuu wa kituo ni Bwana Solvang, mtu wa kusini. Ananiita "msichana wa ndoo". Mwenzangu ni mzee Ánte Nilsa, nadhani unamkumbuka. Yeye anapima chakula kwenye mizani, mimi namwaga. Haoni vizuri, hivyo anainama mpaka pua inagusa sahani ya mizani, halafu ananiambia, "Usicheke. Nanusa uzito."

Kitu kimoja kinanisumbua. Vifaranga ni wembamba sana. Ukimshika mmoja unahisi mfupa. Bibi alikuwa akisema mtoto asiye na mafuta mashavuni haoni mwezi wa Machi. Majira ya baridi yakifika itakuwaje?

Mimi somo yako,
Ravna Mdogo


Bergen, 15 Julai 1981

Ravna Mdogo,

Barua yako ilifika Jumatatu, ikanuka samaki, nikajua ni yako kabla ya kusoma jina. Mimi ni mzima. Jikoni hapa hospitali tumepewa sufuria mpya, kubwa kiasi kwamba wewe na mama yako mngeweza kuoga ndani. Napika viazi vya watu mia tatu na hakuna hata mmoja anayesema ahsante, kwa hiyo najisikia nyumbani.

Mwambie mama yako goti si mchumba, asilifiche. Aende kwa daktari.

Kwa hiyo Ánte bado yu hai. Alikuwa mcheshi sana zamani, alikuwa akicheza na kila msichana isipokuwa yule aliyempenda. Msalimie, lakini usimwambie salamu zinatoka kwangu.

Kuhusu kazi yako: fanya unavyoambiwa na mkuu wako, wala usizidishe. Habari za vifaranga sizijui tena, nimezisahau. Niandikie habari za watu.

Ravna Mkubwa


Vuoksajohka, 9 Agosti 1981

Mama Mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama amekwenda kwa daktari! Alisema ni kwa sababu ya neno lako la mchumba, alicheka mpaka akakaa chini. Matunda ya kinamasini yameiva, tumejaza ndoo nne, na mbu wametujaza sisi vipele.

Nina siri ya kukuambia. Usimwandikie Mama.

Unajua lile debe la mafuta ya ini la samaki ambalo binamu wa pwani hututumia kila mwaka? Tangu wiki yangu ya kwanza kazini nachukua kikombe kimoja kila asubuhi, nakificha ndani ya koti, na Ánte akishapima chakula nakoroga mafuta ndani ya ndoo kabla ya kumwaga. Mama Mkubwa, ungewaona! Wamejaa. Migongo yao imekuwa mipana kama vidole gumba vya Bwana Solvang. Juzi alipita, akamshika mmoja, akasema, "Mwaka huu wanakua vizuri." Nilitaka kumwambia lakini ulimi ulikufa. Nitamwambia wakati wa masika watakapokwenda baharini wote bila kufa hata mmoja. Wakati huo itakuwa rahisi kusema.

Mama anasema ulipokuwa msichana wewe ndiye uliyetunza yale masanduku ya vifaranga ya Babu, pale kwenye chemchemi. Sikuwahi kujua! Hapa watu wakitaja samaki wa Babu Hánsa ni kwa matusi tu. Mtoto mvivu asiyetoka nyumbani anaambiwa, "Umekaa kama samaki wa Hánsa." Mimi nimeambiwa mara nyingi. Nikimuuliza Mama maana yake, anaanza kuosha vyombo.

Je, wewe uliwapa nini? Uliwapa mafuta? Kiasi gani? Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumuuliza.

Ravna Mdogo


Bergen, 30 Agosti 1981

Ravna Mdogo,

Nakutumia sufu nyekundu kwa posta, ufume soksi kabla ya baridi. Nimefurahi kuhusu goti. Hapa mvua, viazi, mvua.

Swali lako kuhusu masanduku ya Baba nimeliona.

Uwe na afya njema.

Ravna Mkubwa


Vuoksajohka, 18 Oktoba 1981

Mama Mkubwa,

Ahsante kwa sufu. Mama mzima, mimi mzima, kondoo wako bandani. Theluji ilianguka tarehe mbili na haijaondoka. Nisamehe, siwezi kuendelea na salamu.

Wiki mbili zilizopita tulianza kutia alama. Kila kifaranga anakatwa lile pezi dogo la mafuta, lile lililo mgongoni karibu na mkia, ili akirudi mkubwa tujue ni wa kituo. Mimi nawashika, Ánte anakata, maana kwa kazi hiyo vidole vyake vinaona kuliko macho. Wa kwanza alikuwa sawa. Wa pili, nilipombana kidogo tumboni, alimwaga kitu cheupe kama maziwa kwenye kiganja changu.

"Ánte," nikasema, "huyu anaumwa."

Akakisugua kati ya vidole, akanusa, akaanza kucheka. "Haumwi huyu. Amebalehe! Urefu wa kidole, na tayari anatafuta mke. Mimi nina miaka sabini na moja na bado naogopa kuuliza."

Nikacheka naye. Wa nne akatoa maziwa. Wa tano. Wa saba. Ánte akaacha kucheka. Kufika saa sita mchana alikuwa akiwahesabu tu.

Bwana Solvang alichukua vifaranga arobaini. Aliwapasua, akaniita niandike namba. Matumbo yao hayakuonekana, yalikuwa yamefunikwa na mafuta meupe kama uzi wa sufu. Akawasaga, akawakausha ndani ya tanuri dogo, akamimina ile dawa inayoyeyusha mafuta, yenye harufu ya kuumiza kichwa, halafu akapima kilichobaki. Mafuta yao ni mara mbili ya mwaka jana.

Alinieleza huku mgongo amenigeuzia, kama anaongea na dirisha. Alisema kifaranga hana kalenda. Anachojua ni mafuta yaliyomo mwilini mwake. Akiwa mwembamba mpaka mwaka wa pili, mwili unamwambia mtoni hapatoshi, aende baharini akale. Hapo ndipo anavaa fedha: zile alama ubavuni zinazofanana na vidole zinafutika, anang'aa, anageuza mkia kuelekea chini. Lakini dume akinona mapema wakati wa kiangazi, mwili unamwambia ameshafika. Anakomaa akiwa mdogo vile vile, na wengi wa namna hiyo hawaendi popote. "Samaki mwembamba ana sababu ya safari," alisema. "Aliyeshiba hana."

Halafu akageuka, akauliza, "Nani anasoma mizani?"

Ánte akasema, "Mimi."

"Na macho yako?"

Ánte akanyamaza. Mama Mkubwa, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama kati yao nimeshika ndoo.

Ánte ameachishwa kazi. Kile chumba kidogo cha kituo alimokuwa akilala kimefungwa, naye amerudi kwenye nyumba yake ya zamani ng'ambo ya mto. Sasa kila asubuhi anavuka kwa miguu juu ya barafu mpya, anasimama nje ya wavu wa kituo, anawaangalia vifaranga. Ukimuuliza anasema amezoea. Barafu unene wake bado haujafika hata upana wa kiganja. Inalia chini yake, naisikia nikiwa kwenye matangi.

Niambie nifanye nini. Jibu haraka, tafadhali.

Ravna


Vuoksajohka, 22 Novemba 1981

Mama Mkubwa,

Natumaini huumwi. Nimekwenda dukani kuulizia posta kila siku ya gari la barua, na mwenye duka sasa ananiuliza kama nina mchumba kusini. Ningekupigia simu, lakini simu iko pale pale juu ya kaunta, na unajua duka letu: hata mapipa ya samaki wa chumvi yana masikio.

Madume waliokomaa wameanza kuota ukungu mweupe kama pamba, kwenye mapezi na karibu na macho. Kila asubuhi natoa waliokufa. Jana arobaini na mmoja. Jua halichomozi tena mpaka Januari, natumia taa.

Ánte alipita barafu yenye maji juu Jumanne, akafika amelowa mpaka magotini. Nilimpa kahawa na jibini kupitia tundu la wavu. Alisema, "Mwaka huu mto una njaa." Kisha akasema nisimjali, ni mzaha. Sikuona mzaha.

Aliniuliza kama sahani ya mizani ilikuwa na kutu. Anatafuta kosa lake, Mama Mkubwa. Anahesabu vipimo vya kiangazi chote kichwani, siku baada ya siku.

Umeipata barua yangu ya Oktoba?

Ravna


Bergen, 6 Desemba 1981

Somo yangu,

Barua zako zote nimezipata. Siumwi. Hii ni karatasi ya nane. Zile saba nimezichoma kwenye jiko la hospitali.

Uliniuliza niliwapa nini vifaranga wa Baba. Niliwapa maini yaliyosagwa na mafuta, kijiko kwa kijiko, kila asubuhi tangu Juni mwaka 1957. Baba hakujua. Alikuwa ameomba samaki wa mayai kwa kila nyumba ya bonde hilo, kofia mkononi, na watu wakampa. Nilitaka asiaibike. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilijua kitu kimoja tu kuhusu baridi, kile alichotufundisha Mama: nona kwanza.

Walinona. Walitoa maziwa wakiwa urefu wa kidole. Masika ya mwaka 1958 tuliwafungua mbele ya bonde lote, mchungaji akaomba, na samaki wakaingia mtoni, wakageuza vichwa kuelekea juu, wakasimama. Kiangazi chote walikuwa pale pale, weusi, na zile alama zao za vidole ubavuni. Watu walicheka kwanza. Baadaye hawakucheka. Baadaye hawakumsalimia.

Baba aliamini kosa ni maji ya chemchemi. Barafu ya kwanza ilipofunga alianza kwenda kulala juu yake kifudifudi, mikono pembeni ya macho, kuangalia kama bado wako. Nilimwona kila siku kutoka dirishani. Nilikuwa nimeamua kumwambia Jumapili, baada ya ibada. Barafu ilifunguka Ijumaa.

Umeambiwa alizama akitega wavu. Hakukuwa na wavu.

Ulipoandika Agosti, nilijua. Ningekutumia neno moja tu, "Acha," na pengine wengine wangepona. Lakini ungeuliza nimejuaje. Nilikutumia sufu.

Mwondoe Ánte kwenye barafu ile. Nenda kwa mkuu wako umwambie leo, usingoje Jumapili.

Mama yako hajui. Barua hii ichome.

Ravna Mkubwa


Vuoksajohka, 17 Januari 1982

Mama Mkubwa,

Barua yako imefika tarehe kumi na moja. Barabara ya mlimani ilifungwa na theluji tangu kabla ya Krismasi. Mama anakusalimu, anasema goti linamwambia hali ya hewa kuliko redio.

Niliisoma nikiwa nimesimama pale dukani. Kisha nikaenda moja kwa moja kituoni, kwa sababu nilijua nikipita nyumbani kwanza sitakwenda.

"Bwana Solvang, ni mimi."

"Naona ni wewe. Funga mlango."

"Si mizani. Ni mimi. Nilitia mafuta ya ini kwenye chakula."

Akaweka kalamu chini. "Kiasi gani?"

"Kikombe kila asubuhi. Tangu Juni mpaka tulipoanza kutia alama."

Hakuuliza kwa nini. Alichukua karatasi akapiga hesabu, akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la fumbo lililokuwa likimkera. Halafu akasema ripoti imeshakwenda kwa wakubwa wake, na ndani yake kuna jina la Ánte. Akasema mzee angestaafu tu hivi karibuni, na mimi nina miaka kumi na saba. "Nakusaidia," akasema. "Rudi kwenye matangi, na jambo hili libaki humu."

Nikamwambia kuhusu barafu. Akasema barafu ya Januari inabeba lori. Ni kweli. Lakini ya Mei haibebi, na Ánte haoni tofauti ya rangi yake.

Sasa tunawashindisha njaa. Chakula kidogo kila siku kumi, ili mafuta yapungue kabla ya masika. Bwana Solvang anasema majike wengi bado wanaweza kuvaa fedha. Madume, Mungu anajua. Wanakuja juu wakisikia hatua zangu, wote, midomo wazi, nami sina kitu.

Barua yako sijaichoma. Samahani. Naisoma tena na tena pale ulipoandika, "nilikutumia sufu". Soksi zile ninazo miguuni.

Mkutano wa wenye haki ya mto ni Aprili, baada ya ibada, katika nyumba ya sala. Nadhani itanibidi niseme pale. Nawe unazijua alama zangu za kuongea mbele ya darasa.

Ravna


Bergen, 2 Februari 1982

Ravna Mdogo,

Usiseme kwenye mkutano.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika hivyo. Umemwambia mkuu wako, basi. Mlete Ánte akae kwenu mpaka barafu iondoke, sema mama yako anahitaji mtu wa kupasua kuni. Atakubali, anapenda kupikiwa.

Hulijui bonde lile jinsi ninavyolijua. Ukisimama ukasema neno "mafuta", yuko kikongwe atakayekumbuka debe la nyumba ya Hánsa. Atauliza nani alilishika wakati ule. Watamtazama mama yako, naye atanitazama mimi, hata nikiwa huku, nyuma ya milima yote hii.

Sikuombi kwa ajili ya samaki. Nakuomba kwa ajili yangu. Miaka ishirini na mitatu nimepika viazi vya wageni ili nisitazamwe hivyo.

Nijibu.

Ravna Mkubwa


Vuoksajohka, 13 Juni 1982

Mama Mkubwa,

Natumaini u mzima. Mama ni mzima, anatembea bila fimbo. Nyasi ni nzuri. Najua nimekaa miezi minne bila kukujibu. Nilijifunza kwamba inawezekana.

Nilimwomba Ánte aje kwetu kama ulivyosema. Alikataa. "Nikija kupasua kuni kwa mama yako Elen, watu watasema kweli macho ndiyo yaliyonifukuzisha," alisema. Akaendelea kuvuka. Mwezi wa nne theluji juu ya barafu ilianza kuwa ya kijivu.

Mkutano ulikuwa tarehe ishirini na tano Aprili. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikaanza kuyasoma kwa sauti ya chini. Kikongwe Gáddjá alisema kutoka nyuma, "Paza sauti, mtoto, aliyekufa hayupo humu." Nikasema. Kikombe, asubuhi, Juni, Septemba. Nikasema mizani ilikuwa sawa. Nikasema nilinyamaza Oktoba nikiwa nimesimama katikati yao, na kwamba Bwana Solvang anajua tangu Januari. Wote wakamgeukia, naye akatazama kofia yake.

 Kisha mtu upande wa wanaume akasema, "Samaki wa Hánsa, mara ya pili."

Mama akasimama. Goti lake lililia, nililisikia. "Huyo unayemtaja ni baba yangu," akasema. "Alikufa akitafuta kosa lake. Huyu amelileta lake mwenyewe. Wewe umewahi kuleta nini humu?"

Ánte akavua miwani, akaishika juu ili wote waione. "Kumbe macho yangu mazima! Miezi sita natembea na miwani ya marehemu kaka yangu bure." Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini aliporudisha miwani mfukoni mkono haukuupata mfuko. Ilibidi nimsaidie.

Siku ya pili chumba chake kituoni kilifunguliwa. Bwana Solvang mwenyewe alimletea ufunguo. Barafu ilivunjika Mei kumi na tisa, saa mbili na nusu asubuhi, ile saa yake ya kuvuka. Tulisimama pamoja ukingoni. Vipande vikubwa kama nyumba vilikuwa vikipandana na kuvunja miti ya ng'ambo. Ánte alisikiliza muda mrefu, akasema, "Sasa hivi ningekuwa katikati." 

Tuliwafungua vifaranga Jumatatu iliyopita. Kati ya elfu kumi na mbili walikuwa wamebaki elfu nane na mia kadhaa. Bonde lote lilikuja. Hakuna aliyeomba. Lango lilipoinuliwa, waliovaa fedha walishuka wakitanguliza mikia, kama mvua inayokwenda ubavu, na kwenye mtego wa kuhesabia tulipata elfu tatu na mia moja. Waliobaki waligeuza vichwa kuelekea juu, wakasimama. Bado wamesimama, weusi, chini ya maporomoko. Ukitupa jiwe wanarudi pale pale. Bwana Solvang anasema kati ya elfu tatu baharini, tukirudishiwa arobaini tushukuru. Nyavu hazitaingia majini, labda mpaka niwe na umri wako.

Dukani wapo wasionisalimia. Nimewahesabu, ni kumi na mmoja. Nilidhani ningekufa, na sijafa. Ánte wanamsalimia wote.

Sasa jambo lenyewe. Ulisema kweli: Gáddjá alikumbuka debe. Alikuja nyumbani wiki ileile, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akamuuliza Mama nani alilishika zamani zile. Mama akasema hajui. Gáddjá alipoondoka, Mama alinigeukia. "Wazo la mafuta, nani alikufundisha?"

Nikasema, "Hakuna."

Huo ni uongo mmoja, na nimeusema kwa ajili yako. Sitasema wa pili. Yangu nimeyasema, Mama Mkubwa, mbele ya watu mia moja na ishirini. Yako siwezi kukusemea, wala sitamwonyesha Mama barua yako. Lakini kila mtoto mvivu akiitwa samaki wa Hánsa, mimi na wewe tu ndio tunaojua anatukanwa nani.

Usiniandikie tena. Sitafungua. Basi la kutoka mjini linafika Jumatano saa nane mchana. Nimemwambia Mama kwamba una jambo la kumwambia na kwamba halisemeki kwa posta. Hakuuliza ni jambo gani. Ameosha mapazia, ametandika kitanda cha Bibi, na anasema kuanzia tarehe ishirini na tatu tutakuwa kwenye kituo cha basi kila Jumatano.

Yeye hajui anangoja nini. Mimi najua.

Ravna